Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, tabibu aliyeikusanya elimu ya maradhi ya watoto



  

Miongoni mwa masuala tunayoulizwa sana na wazazi wa Unguja na Pemba ni ya watoto wagonjwa. Mama anauliza kama inajuzu kumpa mtoto wa miezi minne dawa ya mizizi. Baba anauliza kama degedege ni maradhi au ni ummu subiani. Tunajibu kwa kadiri ya elimu yetu, lakini mara nyingi nabaki nikijiuliza mwenyewe: wale waliotutangulia katika Uislamu, wenye elimu ya tiba, walikuwa wakimtazamaje mtoto anapougua, na nani aliwafundisha kumtazama hivyo? Jawabu nililoliona lenye manufaa zaidi limo katika maisha ya mtu mmoja wa Afrika, wa mji wa Qayrawan katika Tunisia ya leo. Naye ni Abu Jaafar Ahmad bin Ibrahim bin Abi Khalid, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Jazzar, aliyeishi karne ya 4 ya Hijria, yaani karne ya 10 Miladia. Allah amrehemu.

Jazzar kwa Kiarabu ni mchinjaji. Jina hilo lilibaki kwenye ukoo, lakini kazi ya nyumba yao ilikuwa utabibu. Baba yake Ibrahim alikuwa tabibu, na ami yake Abu Bakr alikuwa tabibu. Kwa hiyo mtoto huyu hakuikuta elimu ya tiba njiani, aliikuta nyumbani.

Na mji wenyewe ulikuwa mji wa elimu. Qayrawan iliasisiwa na Uqba bin Nafi' mwaka 50 Hijria (670 Miladia) ikiwa kambi ya jeshi. Haukupita muda mrefu ikawa ndiyo kitovu cha fiqhi katika Maghribi yote. Hapo ndipo alipofundisha Imam Sahnun, aliyefariki mwaka 240 Hijria, ambaye Mudawwana yake ni nguzo ya madhehebu ya Imam Malik. Katika mji huo huo ilikuwepo hospitali maarufu kwa jina la Dimna, tangu zama za watawala wa ukoo wa Aghlab. Nalitaja hili kwa sababu wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa msikiti na hospitali ni nyumba mbili zisizojuana. Sisi tuliokwenda chuoni alfajiri kisha tukakimbilia skuli saa moja na nusu tulikuwa tukiambiwa kuwa moja ni elimu na nyengine ni ya dunia tu. Watu wa Qayrawan wasingelifahamu neno hilo.

Mwalimu wake mkubwa hakuwa Muislamu. Alikuwa Ishaq bin Sulayman al-Isra'ili, Myahudi aliyetoka Misri na kuhamia Qayrawan mwanzoni mwa karne ya 10. Huyu naye alisoma kwa Ishaq bin Imran, tabibu Muislamu aliyekuja kutoka Iraq, ambaye wanahistoria wanasema ndiye aliyeitia mizizi tiba katika Maghribi. Ishaq bin Imran aliishia kuuliwa kwa amri ya mtawala aliyekuwa akimhudumia. Ishaq wa pili yeye aliishi umri mrefu sana, hakuoa wala hakuacha mtoto, na alipoulizwa kama hasikitiki kwa hilo alijibu kuwa kitabu chake cha homa kitaliweka jina lake vizuri kuliko watoto. Basi silsila ni hiyo: Muislamu wa Iraq akamfundisha Myahudi wa Misri, na Myahudi wa Misri akamfundisha Muislamu wa Qayrawan. Kila tunapoulizwa kama inafaa kijana wetu kwenda kusomea udaktari kwa walimu wasio Waislamu, silsila hii hunijia akilini.

Sasa tumtazame mwenyewe kazini. Habari zake nyingi tunazipata kwa Ibn Juljul wa Cordoba, aliyeandika kitabu chake cha tabaka za matabibu mwaka 377 Hijria, miaka michache tu baada ya Ibn al-Jazzar kufariki. Anatueleza kuwa mlangoni mwa nyumba yake palikuwa na ukumbi wa kuingilia. Hapo alimweka mtumishi wake aitwaye Rashiq, na mbele ya Rashiq zilipangwa dawa zote: za kusaga na asali, za kunywa, na nyenginezo. Asubuhi watu walikuja na chupa za mkojo wa wagonjwa wao, kama ilivyokuwa ada ya tiba ya wakati huo. Tabibu aliziangalia, akauliza, akaamua, kisha akamwambia mtu aende kwa Rashiq akachukue dawa. Yeye mwenyewe hakuchukua kitu mkononi kwa mgonjwa. Mkono unaopima maradhi uliwekwa mbali na mkono unaopokea, na ulikuwa ni mpango wa makusudi.

Kisa mashuhuri zaidi katika maisha yake kilitokea kwenye ukumbi huo. Wakati huo watawala walikuwa Mafatimi, nao walikuwa Mashia wa Ismailia, hali ya kuwa watu wengi wa Qayrawan walikuwa wakifuata madhehebu ya Malik. Kadhi mkuu wa dola alikuwa al-Nu'man. Siku moja aliingia mtoto wa ndugu wa kadhi huyo, kijana mwenye cheo, ambaye kadhi humwachia nafasi yake anapokuwa hayupo. Ukumbi ulikuwa umejaa watu hadi hakuona pa kukaa isipokuwa kwenye kiti cha tabibu mwenyewe. Ibn al-Jazzar alipotoka ndani, kijana alisimama. Tabibu hakumkaribisha kukaa wala hakumbadilishia utaratibu. Aliitazama chupa aliyokuja nayo, ya mwana wa kadhi aliyekuwa mgonjwa, akampa maelezo yake yote huku kijana kasimama, kama alivyowapa wengine. Kijana hakukasirika. Akawa anakuja kila siku na chupa yake mpaka mgonjwa akapona.

Baadaye kadhi alituma mjumbe na barua ya shukrani, pamoja na kitambaa kilichofungwa nguo na mithqali 300 za dhahabu. Ibn al-Jazzar aliisoma barua, akaijibu kwa adabu, na akaurudisha mzigo mzima. Aliyesimulia alikuwa ameketi pale, akamnasihi kuwa hiyo ni riziki Allah amemletea. Akajibu kwa kiapo kuwa hatakubali mtu yeyote wa dola ile awe na fadhila juu yake.

Wengine husoma kisa hiki wakaona kiburi. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyekuwa akienda kwenye harusi na mazishi ya watu wa mji wake lakini hali chochote huko, na ambaye hakuwa akipanda mnyama kwenda kwa mkubwa yeyote isipokuwa rafiki yake mmoja wa zamani, ami wa mtawala, tena siku ya Ijumaa tu, ni mtu aliyejua kuwa hadaa ya tabibu huanza kwenye sahani na bahasha. Na alimjua Ishaq bin Imran alivyoishia. Wakati wa joto kali alikuwa akiondoka Qayrawan kwenda kwenye ribati ya Monastir, ngome ya pwani walikokaa wacha Mungu na walinzi wa mipaka, akakaa huko mpaka joto lipungue, ndipo akarudi kwa wagonjwa wake.

Hayo ni maisha yake. Lakini kilichonifanya niandike ni kitabu chake kiitwacho Siyasat al-sibyan wa tadbiruhum, yaani malezi ya watoto na uangalizi wao.

Kabla yake, elimu ya maradhi ya watoto ilikuwa imetawanyika. Wagiriki kama Hippocrates na Galen walisema neno hapa na neno pale. Abu Bakr al-Razi wa Uajemi, aliyefariki mwaka 313 Hijria, aliandika risala fupi juu ya maradhi ya watoto na kitabu mashuhuri juu ya ndui na surua. Tabibu kijana aliyeletewa mtoto wa siku 40 anayekataa ziwa hakuwa na kitabu kimoja cha kukifungua. Ibn al-Jazzar aliliona pengo hilo na akalisema katika dibaji yake: jambo la watoto ni kubwa, na hakuona aliyelikusanya kwa ukamilifu, kwa hiyo amekusanya kilichotawanyika. Kazi ya kukusanya na kupanga huonekana ndogo kwa anayetafuta ajabu. Aliyewahi kufundisha, awe ustadhi wa chuo au mhadhiri wa chuo kikuu, anajua kuwa mwanafunzi hafiki popote mpaka mtu akae ampangie milango.

Na milango aliipanga, 22. Sita ya mwanzo inahusu mtoto mzima wa afya, si mgonjwa: anapozaliwa afanyiwe nini, aogeshwe vipi, alazwe vipi, anyonyeshwe vipi, na ikiwa mama hawezi, mnyonyeshaji achaguliwe kwa sifa gani na maziwa yake yatambuliwe vipi kwa rangi, uzito, harufu na ladha. Zingatia mpangilio huo. Anayetaka kumtibu mtoto aanze kwa kumjua akiwa salama. Mwanafunzi wa udaktari ambaye hajawahi kumshika mtoto mzima hataujua ugonjwa akiuona.

Kisha yanakuja maradhi, kuanzia utosini kuteremka hadi miguuni, kama ilivyokuwa ada ya vitabu vya tiba. Maji kichwani, macho, masikio, kuota meno na maumivu yake, vidonda vya mdomo, kikohozi, kutapika, kuendesha, kufunga choo, minyoo, vijiwe vya kibofu. Ndani ya orodha hiyo pia kimo kifafa cha watoto. Mlango wa mwisho unahusu tabia na mazoea. Anasema adabu ianze utotoni kwa kuwa mtoto huipokea kwa wepesi, na kwamba watoto hawafanani: mwenye haya na anayependa kusifiwa hufundishika kwa neno moja, na mwengine anahitaji njia nyengine. Tabibu wa watoto katika macho ya Ibn al-Jazzar hamalizi kazi yake homa ikishuka.

Nirudi kwenye kifafa, kwa sababu ndipo suala la degedege lilipo. Jina la ummu subiani si la majini peke yao kama wengi wetu tulivyokuzwa. Matabibu wa Kiislamu walilitumia jina hilo hilo, umm al-sibyan, kwa aina ya kifafa kinachowashika watoto, na Ibn Sina ameliandika hivyo katika Qanun yake. Waliliweka katika milango ya maradhi ya ubongo, wakatafuta sababu zake na dawa zake. Hawakuwa watu wanaokanusha kuwepo kwa majini, maana majini wamo ndani ya Qur'ani. Lakini mtoto aliyekakamaa mikononi mwa mama yake walimsogelea kwanza kama mgonjwa.

Nami nina deni katika hili. Mwaka 1996 nilikuwa kijana, nasomesha chuoni, na binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka miwili. Usiku mmoja wa masika alishikwa na homa, na karibu ya saa nane macho yakageuka, mwili ukakaza. Mimi ndiye niliyekuwa na elimu katika nyumba ile, hivyo nilivyojiona. Nikamsomea, nikaandika kombe, nikamzuia mama yake asimtoe nje kwa baridi. Kumsomea si kosa, na hata leo nawasomea wajukuu zangu. Kosa lilikuwa kusubiri. Tulifika hospitali jua limeshatoka. Muuguzi aliyetupokea, msichana mdogo kwa umri kuliko mimi, alimgusa mtoto, akatazama macho yake, akaanza kazi huku akiniuliza degedege imeanza saa ngapi na imerudi mara ngapi. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Alhamdulillah aliishi, na leo ni mama wa watoto wawili, lakini sikio lake la kushoto halisikii. Yule muuguzi alikuwa amefundishwa kumtazama mtoto, nami sikufundishwa. Ndiyo maana mzazi anaponiuliza kama atangulize kisomo au hospitali, namwambia amsomee mtoto akiwa ndani ya gari.

Tuendelee na shekhe wetu. Elimu yake ilisafiri kwa njia mbili, mtu na kitabu. Mtu alikuwa Umar bin Hafs bin Bariq, aliyekuja kutoka Andalus na kukaa naye Qayrawan miezi 6 tu. Aliporudi alichukua nakala ya Zad al-musafir, yaani masurufu ya msafiri, kitabu kikubwa zaidi cha Ibn al-Jazzar, chenye makala 7, kwa ajili ya mtu aliye mbali na tabibu. Akawa tabibu wa Khalifa al-Nasir huko Cordoba. Miezi sita si muda mrefu, lakini kwa mwanafunzi anayekaa ukumbini kila asubuhi akiona chupa zinavyosomwa na dawa zinavyotengenezwa, ilitosha kuifikisha elimu ng'ambo ya bahari.

Na katika kizazi hicho hicho jambo la watoto likaanza kuandikwa kila upande. Huko Cordoba, Arib bin Sa'd aliandika kitabu juu ya kuumbwa kwa mtoto tumboni, uangalizi wa wajawazito na wazao wachanga. Huko Misri, Ahmad bin Muhammad al-Baladi aliandika kitabu chake juu ya wajawazito na watoto. Andalus, Qayrawan na Misri, miji ya mbali, lakini wote walifikia kuwa mtoto anastahiki kitabu chake.

Zad al-musafir ilikwenda mbali zaidi. Ilifasiriwa kwa Kigiriki, kisha katika karne ya 11 Constantine, mzaliwa wa Afrika Kaskazini aliyekuwa mtawa wa Monte Cassino nchini Italia, akaifasiri kwa Kilatini kwa jina la Viaticum. Mwaka 1259 Musa bin Tibbon aliifasiri kwa Kiebrania. Wanafunzi wa tiba wa Ulaya waliisoma kwa karne kadhaa, wengi wao bila kujua kuwa mwenye kitabu ni Muislamu wa Qayrawan, kwa sababu Constantine hakulitaja jina lake.

Baada ya kitabu hicho kutoka, Ibn al-Jazzar aligundua kasoro, na hapa ndipo nilipompenda zaidi. Aliona masikini wanakisoma, au wanasomewa, wasiweze kununua dawa zilizomo. Zaafarani, ambari na miski si vitu vya kila nyumba. Hakusema kuwa hiyo ni bahati yao. Aliandika kitabu kingine, Tibb al-fuqara wal-masakin, tiba ya mafakiri na masikini, chenye dawa za vitu vya karibu na vya bei ndogo. Aliandika pia juu ya dawa za badala, ikikosekana hii utumie ipi. Na aliwaandikia wazee risala yao. Mtoto, masikini na mzee: watatu hawa ndio wanaosahauliwa kwanza mahali popote pa tiba.

Ni wajibu wangu kutaja pia mpaka wa mambo haya. Vitabu vyake vimejengwa juu ya tiba ya Kigiriki, kwamba mwili umesimama juu ya damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Msingi huo umeshaachwa na wataalamu. Kwa hivyo asitokee mtu akazifungua kurasa zake akamtengenezea mwanawe dawa kwa hoja kuwa ni ya Kiislamu. Si Sunna, wala mwenyewe hakusema ni Sunna. Ni ijtihadi ya tabibu wa wakati wake, aliyetafuta elimu bora iliyopatikana siku zile hata kama iko kwa Myahudi. Anayemfuata kweli Ibn al-Jazzar leo humpeleka mtoto kwa yule aliyesomea watoto, na mwenye uwezo humsaidia kijana wa mtaani kwake asomee uuguzi, ukunga au udaktari wa watoto. Sadaka ya aina hiyo ni katika elimu yenye kunufaisha, na thawabu zake hazikatiki kwa mauti.

Aliishi zaidi ya miaka 80, akafariki katika mji wake, mwaka 369 Hijria kwa kauli ya watafiti wengi. Alipokufa zilikutwa dinari 24,000 na vitabu vya tiba na vya fani nyengine vya uzito wa kintari 25. Alikuwa amenuia kusafiri kwenda Andalus, hakujaaliwa. Kitabu chake cha watoto kilibaki kwenye maandiko ya mkono mpaka kilipochapishwa Tunis mwaka 1968. Hivi sasa hospitali ya Qayrawan inaitwa kwa jina lake, na kitivo cha udaktari cha Sousse, karibu na ile pwani alikokuwa akipumzika wakati wa joto, kinaitwa pia kwa jina lake. Humo wanafunzi wanafundishwa, pamoja na mengine, maradhi ya watoto.

Wallahu a'lam.